Uzi: Tunahamia Tanga kwa kufuata fukwe. Kwa nini mchanga mweupe unakatika tukielekea mpakani?

#1 MwanaTudor (mwanzilishi wa uzi)

Salamu, wanajukwaa.

Mimi na mke wangu tumeishi Tudor, Mombasa, tangu tulipofunga ndoa. Sasa yeye amepata ajira Tanga, nasi tunahama nchi. Vyombo vya nyumbani vitatangulia kwa lori. Sisi wenyewe hatutaki kupanda basi asubuhi na kuteremka jioni tukiwa tayari wageni. Tumeamua kushuka na pwani polepole, tukilala karibu na bahari kila tunapofika: Diani, Msambweni, Shimoni na Wasini, kisha tuvuke mpaka pale Lunga Lunga na Horohoro, tuingie Tanga, na kabla hajaanza kazi tufike Pangani na Ushongo.

Tulipokwenda kuikagua njia ya upande wetu tulikumbana na jambo ambalo limetufanya tubishane hadi leo. Kuanzia Tiwi hadi Galu na Kinondo mchanga ni mweupe bila kukatika. Ukifika Gazi unakuta mikoko na tope. Msambweni mchanga mweupe unarudi. Baada ya hapo, kuelekea Ramisi na hatimaye Vanga, ufukwe kama tunavyoujua unapotea kabisa. Mimi nashikilia kwamba sababu ni mito: Mkurumuji unamwaga Gazi, Ramisi unamwaga kwenye ghuba ya Funzi, na Umba, unaotoka milima ya Usambara, unamwaga Vanga. Mke wangu anasema mito ni kisingizio, na kwamba jibu limo katika mwamba wa matumbawe ulioko baharini.

Tunauliza kwa sababu ya udadisi, lakini pia kwa sababu jibu lake litatuonyesha tutazamie fukwe za namna gani tutakapovuka mpaka, na pengine tutafute nyumba upande upi.

#2 Baharia wa Likoni

Karibuni, na hongera kwa shemeji kwa ajira.

Ndugu, nadharia ya mito inagonga ukuta mapema sana. Kati ya Tiwi na Diani, pale penye Msikiti wa Kongo, mto Mwachema unaingia baharini. Ukisimama pale mdomoni, mchanga ni mweupe kushoto kwako na kulia kwako, na watu wanaoga. Ikiwa mto ndio unaoleta tope, mbona huu haukuharibu kitu? Mimi nipo upande wa shemeji. Tazama mahali mwamba ulipo: kutoka Tiwi hadi Kinondo umefuatana na ufuo kwa karibu, unavunja mawimbi na kulinda mchanga usiondoke. Penye ghuba pana kama Gazi na Funzi, mwamba uko mbali na ndani kumetulia, kwa hiyo vumbi la nchi kavu linapata nafasi ya kutua.

#3 MpangaSafari

Kabla hamjasuluhisha habari za mchanga, angalieni mwezi. Nimeona wanandoa wengi wakipanga safari ya ufukweni kwa kutazama kalenda ya kazi tu, kisha wanafika na kukuta bahari imekwenda zake hadi mwambani.

Kwa pwani yetu, wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi hivi. Hiyo ni saa nzuri ya kutembea juu ya mwamba na viatu vya mpira, kwa sababu ya wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi, lakini ni saa mbaya ya kuogelea. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, mambo hugeuka: asubuhi hiyo hiyo maji yamejaa na hayasogei mbali. Kila siku saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Basi pangeni Diani iangukie maji mafu, ambapo mtaogelea asubuhi, na Wasini iangukie karibu na bamvua, ambapo mtaona bustani ya matumbawe iliyoachwa nje na maji pale kijijini.

Jambo la pili ni feri. Kwa kuwa hamna mizigo mizito, Likoni inatosha. Lori la vyombo lipitie barabara ya Dongo Kundu, lisipoteze muda kwenye foleni.

#4 Mwalimu wa Ramani

Ndugu Baharia (#2) ameeleza mwamba ulipo, lakini hakueleza kwa nini ghuba zipo mahali zilipo, na hilo ndilo swali lenyewe.

Katika kipindi cha mwisho cha barafu duniani, zaidi ya miaka 18,000 iliyopita, usawa wa bahari ulikuwa chini kuliko sasa kwa takriban mita 120. Mito ya wakati huo ilichimba mabonde ikiifuata bahari iliyokuwa mbali. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda na kuyazamisha mabonde yale. Kisiwa cha Mombasa chenyewe kimezungukwa na mabonde ya namna hiyo: hori la Tudor upande mmoja, na Kilindini pamoja na Port Reitz upande mwingine. Gazi na Funzi ni ndugu wa Tudor. Kwa hiyo MwanaTudor na mkewe wote wana haki kidogo, kwa kuwa ni mito iliyotengeneza nafasi, lakini ilikuwa mito ya kale. Na matumbawe hayapendi maji matamu wala maji machafu, kwa hiyo mwamba ulikatika palepale mito ilipopita. Ukitaka ushahidi, tazama milango ya mwamba ambamo wavuvi wanapitisha vyombo vyao: mingi iko mkabala na mdomo wa mto au wa hori.

Kuhusu Mwachema, ni mto mdogo. Haulingani na Umba hata kidogo.

#5 Mama wa Kisauni

Wanangu, nawapongeza. Mimi na marehemu mume wangu tulihamia Dar es Salaam kwa njia hiyo hiyo ya pwani, na ninawaambia kwa moyo wote kwamba safari ile ilitusaidia kuliko ushauri wowote tuliopewa. Mtu anayehama huwa na hasira ndogondogo zisizo na mwenyewe, na wanandoa huzimwagiana. Kule ufukweni tulikuwa tukitembea jioni bila kuzungumzia masanduku, na tulipofika Dar tulikuwa tumekwisha kusema yaliyokuwa moyoni.

Hata hivyo, bahari isiwasahaulishe karatasi. Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, lakini hapiti Horohoro kwa kitambulisho cha taifa; anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Chukueni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na mchanjwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka kwa sababu ndipo kinapoanza kutambuliwa. Mke wako anahitaji kibali cha kazi, kinachotolewa na mamlaka ya kazi, na kibali cha ukaazi cha daraja B, kinachotolewa na uhamiaji. Ni vitu viwili tofauti. Nawe MwanaTudor ukiingia kama mtegemezi wake, hati hiyo inakuruhusu kukaa, haikuruhusu kufanya kazi. Unafanya kazi gani?

#6 MwanaTudor

Mama, asante. Mimi ni fundi wa mashine za boti. Nilidhani nitaanza kutafuta kazi bandarini mara tu tukifika.

Mwalimu, maelezo ya #4 nimeyaelewa, lakini yananiacha na Msambweni. Msambweni imekaa katikati ya ghuba mbili zenye tope, nayo ni nyeupe. Kama bonde la kale ndilo linaloamua, sawa. Lakini tope la leo la Gazi na la Funzi halivuki kwenda Msambweni kwa nini?

#7 Mzee wa Vanga

Nimesoma tangu juu na kuna jambo limenichoma. Mnazungumza juu ya tope kana kwamba ni maradhi ya ufukwe. Sisi wa Vanga tumeishi na tope hilo vizazi na vizazi. Kamba, kaa na samaki wadogo wote hukulia humo, chini ya mizizi ya mikoko, kabla hawajakwenda kwenye huo mwamba wenu mweupe wanakopigwa picha.

Jibu la swali la #6 liko hapa: mikoko yenyewe ndiyo inayozuia tope. Mizizi inapunguza mwendo wa maji, udongo unatua, ardhi inaongezeka, na mikoko inasonga mbele tena. Msambweni ni nyeupe kwa sababu mikoko ya Gazi na ya Funzi inashika udongo kabla haujafika kwake. Ikateni mikoko ya Gazi muone kama Msambweni itabaki nyeupe. Watu wa Gazi wamelielewa hili. Mradi wao wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, tangu miaka ya 2010, na sehemu ya fedha imekwenda kwenye maji na shule. Mkipita, pandeni ile njia ya mbao inayoingia ndani ya mikoko, inayosimamiwa na akina mama. Msikimbilie Wasini tu.

Na kuhusu kuhama nchi: mpaka huu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukaanzia hapa kwetu kwenye mdomo wa Umba. Wadigo, Wasegeju na Wavumba wako pande zote mbili. Mimi nina shangazi Moa na wajukuu Tanga mjini. Mnahama serikali, hamhami pwani.

#8 Baharia wa Likoni

Mzee, shikamoo. Maneno ya #7 ni mazito, lakini naona kuku na yai. Mikoko haiwezi kuota mahali pasipo na tope wala pasipo na utulivu. Kwa hiyo tope lilitangulia, na utulivu ulitangulia tope, nao utulivu umetoka kwenye umbo la ghuba. Narudi kwa shemeji.

#9 Mzee wa Vanga

Marahaba. Mikoko mingine huota hata juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa, mwanangu. Njoo Wasini nikuonyeshe.

#10 Mpenda Mawe

Nyote mnaliita jambo moja kwa jina moja, "mchanga mweupe", na hapo ndipo mnapopotezana. Kuna mchanga uliotokana na bahari, yaani vipande vya matumbawe, makombe na mimea ya baharini yenye chokaa, pamoja na kile ambacho samaki kama pono hukitoa baada ya kuguguna matumbawe. Na kuna mchanga uliotoka nchi kavu, chembe ngumu za mawe ya zamani zilizoletwa na mito. Wote wawili unaweza kuwa mweupe machoni.

Kipimo chake ni rahisi. Chukueni mchanga mkavu kidogo, mmiminie siki ya jikoni. Ukitoa povu kwa wingi, ni chokaa, kwa hiyo umezaliwa baharini. Usipotoa povu, umetoka bara. Mimi nimepima wa Malindi, ambako mto Sabaki unamwaga udongo wa bara, na povu lilikuwa hafifu sana ukilinganisha na wa Nyali. MwanaTudor, mna safari ya kupita kila ufukwe hadi Ushongo. Bebeni chupa ya siki.

#11 Mwenyeji wa Tanga

Karibuni nyumbani. Nina masahihisho mawili na tahadhari moja.

Kwanza, #1 inafanya ionekane kwamba baada ya Vanga ni tope mpaka Pangani. Sivyo. Ghuba ya Tanga mjini ina mikoko na maji yaliyotulia, na mto Zigi unaingia kaskazini ya mji, lakini Raskazone watu wanaogelea kila jioni, na kusini yake, upande wa Kigombe, kuna vipande vya mchanga mzuri vinavyopishana na mikoko.

Pili, hakuna aliyetaja mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huku kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Mto Pangani, unaobeba maji kutoka Kilimanjaro na Meru, ukimwaga udongo, udongo unasukumwa kuelekea Tanga, hauendi kusini. Ndiyo sababu Ushongo, iliyo karibu kabisa na mdomo wa mto lakini upande wa kusini, ina mchanga mweupe mpana. Kwa maoni yangu hilo linajibu pia swali la Msambweni: udongo wa Ramisi unapita nje ukielekea kaskazini.

Tahadhari: ili kufika Ushongo kutoka Pangani mnavuka mto kwa kivuko. Daraja limekuwa likijengwa, pamoja na barabara ya lami ya kutoka Tanga kwenda Bagamoyo kupitia Saadani. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kuondoka mjini, hasa wakati wa masika.

#12 Mwalimu wa Ramani

Mwenyeji wa Tanga (#11), mkondo huo ni wa kweli, lakini nguvu yake iko nje ya mwamba. Ndani, penye kina kifupi, mchanga unasukumwa zaidi na mawimbi, na mawimbi yanafuata upepo. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, mchanga unasogea kaskazini. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, unarudi kusini. Aliyewahi kuishi Diani au Bamburi mwaka mzima anajua: ufukwe uleule una mchanga mwingi miezi fulani, na miezi mingine mizizi ya minazi imebaki nje.

Kwa hiyo swali langu kwa nadharia ya mkondo ni hili: wakati wa kaskazi, tope la Pangani linakwenda wapi?

#13 Dada wa Bamburi

Nashukuru kwamba kusi imetajwa, kwa kuwa ndiyo iliyotuharibia fungate. Tulikwenda Julai, bahari ilikuwa chafu na majani ya bahari yamelundikana ufukweni kufikia magotini. Mwenye hoteli, ambaye sitamtaja, aliahidi bahari tulivu. MwanaTudor, mnaondoka lini? Mkiweza, subirini matlai, kati ya Oktoba na Novemba, bahari inapokuwa imetulia, ingawa mvua za vuli zinaweza kuwakuta.

Na niongeze sababu ambayo hamjaitaja: kuta. Mahali ambapo watu wamejenga kuta za mawe mbele ya majumba yao ili kuzuia bahari, mawimbi yanagonga ukuta na kurudi na mchanga. Jirani asiye na ukuta anapoteza ufukwe wake. Si kila badiliko ni la miaka 18,000.

#14 Mama wa Kisauni

MwanaTudor, nilingoja usome. Fundi wa mashine za boti ana soko Tanga, lakini usikubali kazi hata ya kirafiki kabla ya kibali. Soko la Pamoja la Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na watu wengi wanadhani lilifuta vibali. Halikuvifuta. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia, na wakaguzi wanaifuata. Mwajiri akikutaka, aanze kuomba kibali ungali Mombasa.

Vyombo pia: andikeni orodha kamili, kitanda, friji, sufuria, kila kitu, mkionyesha kwamba ni vitu vilivyotumika nyumbani kwenu, na lori lisifike Horohoro nyinyi mkiwa mnaogelea Diani. Afisa wa forodha atataka kumwona mwenye mali. Kwa rafiki yangu mmoja lori lililala mpakani likimngoja. Na msifunge vitu kwa mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019.

#15 MpangaSafari

Naunga mkono #14. Basi mpango ubadilike: nendeni kwanza Diani, Gazi na Msambweni, lori liondoke Mombasa siku mtakapokuwa Lunga Lunga. Shimoni na Wasini ziko karibu na mpaka, mnaweza kumngojea dereva huko. Kama kuna siku ya ziada, hifadhi ya Kisite na Mpunguti ina pomboo, nanyi mtapanda boti kutoka Shimoni asubuhi mapema kabla upepo haujapanda.

#16 Mwenyeji wa Tanga

Mwalimu, kwa swali la #12 nina mfano ambao bado unatutesa huku. Mbele ya Pangani na Ushongo kuna Maziwe. Wazee wanakumbuka kikiwa kisiwa chenye miti, na kasa wakitaga mayai kwa wingi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikwisha, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, ingawa matumbawe yake ni hifadhi na wageni wanakwenda kuogelea. Wengine wanasema watu walikata miti, mizizi ikaachia mchanga. Wengine wanasema bahari ilipanda. Wengine wanataja dhoruba. Kama mchanga wa kisiwa kizima uliweza kuhama katika umri wa mtu mmoja, basi mimi sioni kwa nini tope la Pangani liwe na njia moja tu.

#17 Mpenda Mawe

Maziwe ni mfano mzuri, lakini unaelekea upande wa Mzee wa Vanga (#7), kwamba mimea ndiyo inayoamua mchanga ukae au uondoke.

#18 Mzee wa Vanga

Nashukuru kuna aliyesoma.

#19 Mke wa MwanaTudor

Assalamu alaikum. Nimejisajili ili nijibu mwenyewe, kwa kuwa nimewekewa maneno mdomoni kwenye #1. Sikusema mito ni kisingizio. Nilisema mito pekee haitoshi, na sasa nimesoma sababu nyingine tano au sita ambazo kila moja, pekee yake, haitoshi.

Tumepima kwa siki kama #10 alivyoelekeza. Mchanga wa Galu na wa Msambweni ulitoa povu jingi. Ule wa Gazi, tulioutoa ukingoni mwa mikoko, ulitoa povu kidogo tu. Lakini mchanga wa Tiwi, tulioutoa karibu na mdomo wa Mwachema, ulitoa povu la wastani, ingawa kwa macho ni mweupe kama wa Galu. Baharia wa Likoni, naona mto wako mdogo unafanya kazi kimyakimya.

Kuhusu safari, tumeahirisha hadi mwanzo wa matlai, na tarehe ya Wasini tumeilinganisha na bamvua. Mume wangu ameandika kwa mafundi wawili wa Tanga kuuliza habari za kibali. Nyumba tunaitazamia upande wa Raskazone. Mwenyeji wa Tanga, je, maji ya pale yanakwenda mbali yakipwa, au mtu anaweza kuoga saa tano asubuhi wakati wa bamvua?

#20 Mwenyeji wa Tanga

Shemeji, saa tano wakati wa bamvua utatembea sana kabla maji hayajafika magotini. Oga jioni, kuanzia saa kumi maji yamejaa hadi ngazini. Na hilo povu la wastani la Tiwi ningependa Mwalimu alieleze, kwa sababu ama Mwachema unaleta mchanga mweupe wa bara, ama mchanga wa vilima vya Shimba Hills, kule bara, unafika pwani kwa njia nyingine.

#21 Mwalimu wa Ramani

Vyote viwili vinawezekana. Lakini chukueni sampuli nyingine kaskazini zaidi, mbali na mdomo, mkiwa njiani. Povu likiwa hafifu huko pia, basi si Mwachema.

#22 Baharia wa Likoni

Likiwa jingi huko, itabidi niuombe mto msamaha. Shemeji, siki gani mlitumia?